Kujua Haki Zetu: Je, Ni Kiburi?



Katika toleo hili nimeombwa kujibu swali ambalo mama mmoja wa kwaya aliniuliza chini ya mti baada ya ibada. Alisema hivi: "Mwalimu, kijana wangu alikwenda kwenye semina siku mbili, na tangu arudi kila neno ni haki, haki. Haki ya hiki, haki ya kile. Sisi wazazi wetu walitufundisha kunyamaza na kumwachia Mungu. Je, huko kujua haki si kiburi? Na Biblia si inatuambia tuwatii wenye mamlaka?"

Nilimjibu haraka kwamba swali lake ni zuri, nikaenda zangu nyumbani. Lakini usiku ule sikulala vizuri, maana swali liligusa mahali ambapo mimi mwenyewe nina deni. Leo nataka kulijibu polepole, na nitaanza na deni langu.

1. KITABU NDANI YA SANDUKU

Wengi wenu mnakumbuka Desemba 2005. Tarehe 18 na 19 za mwezi ule wananchi wa Kongo waliitwa kupiga kura ya ndiyo au hapana juu ya Katiba mpya. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Rutshuru. Kabla ya kura walipita watu wakigawa vijitabu vya Katiba ile. Havikutosha, lakini kwa kuwa nilikuwa mwalimu nilipewa kimoja, cha Kifaransa. Nilishukuru, nikakiweka ndani ya sanduku langu pamoja na chaki na vyeti vya ubatizo vya watoto, nikasema nitakisoma nikipata nafasi. Siku ya kura nilipanga foleni tangu alfajiri, nikapiga kura ya ndiyo juu ya kitabu nisichokisoma. Na sikuwa peke yangu. Katika kila watu 100 waliopiga kura, zaidi ya 80 walisema ndiyo. Katiba ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006, na Julai mwaka uleule tukachagua rais na wabunge. Tulirudi nyumbani na wino kidoleni, tukaambiana: demokrasia imefika.

Nafasi ya kusoma kile kijitabu haikupatikana.

Mwaka 2007 kijana wa kaka yangu mkubwa alishitakiwa kwamba ameiba baiskeli ya mfanyabiashara. Kijana akakimbia. Askari walipofika hawakumkuta, wakamchukua baba yake. Walimweka buloko siku sita. Tuliambiwa: mleteni mtoto, au leteni faini. Tena tulilipa fedha ya kumwona, fedha ya kumpelekea chakula, na fedha ya kalamu, eti ya kuandika jina lake. Kaka yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake. Siku ya tatu alisema nami kupitia tundu la mlango: "Mdogo wangu, wewe umesoma, unajua Kifaransa. Sheria inasemaje?" Nikamjibu: "Kaka, ndivyo ilivyo. Tuombe Mungu."

Tuliomba kweli. Halafu tuliuza mbuzi wanne na shamba la kando ya mto, lile lililokuwa likilipa karo ya binti yake. Kaka akatoka. Shamba halikurudi, na binti hakurudi shuleni.

Vita ya mwaka 2008 ilipotukimbiza, niliondoka na sanduku kichwani. Tulipofika huku nikalifungua ili kuanika vitu vilivyolowa, nikakiona kile kijitabu. Jioni moja nilianza kukisoma. Nilipofika kifungu cha 17 nilisimama. Kinasema, kwa maneno yangu mimi, kwamba mtu hawezi kushitakiwa, kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa kosa la mtu mwingine. Kifungu cha 18 kinasema kwamba anayekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, katika lugha anayoielewa, na kwamba polisi hawawezi kumshika zaidi ya saa 48 bila kumwachia au kumfikisha mbele ya sheria. Nikafunga kitabu. Kwa siku zote zile sita, jibu la swali la kaka yangu lilikuwa nyumbani kwangu, chini ya chaki. Na mimi niliyekuwa na macho ya kulisoma nilimwambia "ndivyo ilivyo".

Kaka yangu hakuvuka mpaka. Alifariki kulekule mwaka 2012, na sikupata kumwambia.

Sisemi kwamba ningekisoma angetoka siku ileile. Pengine askari wangecheka, pengine wangenitia ndani na mimi. Lakini ndugu zangu, tazameni nilichofanya. Mtu aliniuliza sheria inasemaje, nami nikamjibu kana kwamba uonevu ule ndio sheria. Nilimshuhudia uongo bila kukusudia. Ndiyo maana swali la mama wa kwaya limenikosesha usingizi.

2. MUNGU HAKUFICHA SHERIA

Watu wengi kati yetu wanadhani kwamba mambo ya sheria na haki za raia ni mambo ya dunia, ya wanasiasa na mawakili. Lakini someni Kumbukumbu la Torati sura ya 31. Musa aliagiza kwamba kila mwaka wa saba, wakati wa Sikukuu ya Vibanda, torati isomwe mbele ya watu wote: wanaume, wanawake, watoto, na mgeni aliye katika miji yao. Angalieni neno lile mgeni! Hata asiye mwenyeji alitakiwa asikie sheria inayomhusu, ili asidanganywe.

Nendeni tena Nehemia sura ya 8. Watu waliotoka uhamishoni walikusanyika, na Ezra akasoma kitabu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Haikutosha kusoma. Walawi walipita kati ya watu wakifafanua mpaka watu wakaelewa. Na katika 1 Samweli 10, baada ya Sauli kuchaguliwa, Samweli aliwaambia watu kanuni za ufalme, akaziandika katika kitabu na kukiweka mbele za Bwana. Kwa nini aliandika? Nadhani kwa sababu neno la mdomo husahaulika, na mfalme akishakaa kitini miaka kumi huanza kusema kwamba sheria ni yeye. Kitabu kilichowekwa mbele za Bwana kinabaki kusema kwamba mfalme naye yuko chini ya kitu.

Katiba ile ya 2006 nayo ina jambo linalofanana na hilo, na wengi hawalijui. Kifungu cha 45 kinawapa wenye mamlaka wajibu wa kueneza na kufundisha Katiba yenyewe, Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu uliopitishwa mwaka 1981. Kifungu cha 142 kinataka kila sheria ienezwe kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, katika siku 60 tangu itangazwe. Na kifungu cha 62 kinasema kwamba hakuna anayeruhusiwa kujitetea kwamba hakuijua sheria.

Wekeni mambo hayo pamoja. Raia anatakiwa aijue sheria, na serikali inatakiwa imfikishie sheria kwa lugha yake. La pili lisipofanyika, la kwanza linageuka mtego. Mama wa kijijini anatozwa faini kwa sheria ambayo hakuna aliyemsomea. Hapo ndipo mtu anayejua kusoma anakuwa na deni mbele za Mungu. Kama Walawi wasingepita kati ya watu, Ezra angesoma bure.

3. JE, SI UASI DHIDI YA WENYE MAMLAKA?

Mama wa kwaya alikumbusha Warumi 13, naye alikumbusha vizuri. Sura ile inamwita mwenye mamlaka mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Basi tuulize: katika nchi ya demokrasia, mwenye mamlaka ni nani? Ni askari aliyeshika bunduki njiani? Kifungu cha 5 cha Katiba ile kinasema mamlaka ya nchi ni ya wananchi. Rais, hakimu, kamanda na chifu wote wanakopeshwa tu, tena kwa masharti yaliyoandikwa. Kifungu cha 28 kinaongeza kwamba hakuna anayelazimika kutekeleza amri ambayo ni wazi kwamba inavunja sheria. Kwa hiyo askari aliyemfunga kaka yangu kwa kosa la mwanawe ndiye aliyeasi mamlaka. Na kama ningemwambia kwa adabu, "Afande, kifungu cha 17 kinakataza," ningekuwa ninaitii mamlaka iliyo kubwa kuliko yeye.

Mtume Paulo, aliyeandika Warumi 13, alijua jambo hili na kulitumia. Kule Filipi (Matendo 16) yeye na Sila walipigwa hadharani na kutupwa gerezani bila kuhukumiwa. Asubuhi mahakimu walituma watu waseme: waachilieni, waende zao. Wengi wetu tungeshukuru na kukimbia. Paulo alikataa. Alisema wao ni raia wa Rumi, wamepigwa mbele ya watu bila hukumu, basi wale wakubwa waje wenyewe kuwatoa. Wakaja, wakawasihi.

Mimi nilijiuliza kwa muda mrefu: kwa nini alifanya vile? Mgongo ulikwisha kuchanika, fimbo haziwezi kurudishwa. Nikaona jibu katika mstari wa mwisho wa sura ile. Wakitoka gerezani walikwenda nyumbani kwa Lidia, wakaonana na ndugu. Paulo alikuwa anaondoka, lakini lile kanisa changa lilikuwa linabaki: Lidia, yule mlinzi wa gereza na nyumba yake. Kama angetoka kimyakimya, mji ungejifunza kwamba Wakristo ni watu wa kupigwa bila hesabu. Alidai haki yake kwa ajili ya wale wanaobaki.

Kule Yerusalemu (Matendo 22) alifanya tofauti. Hakungoja kupigwa. Walipokuwa wakimfunga kamba ili wampige, alimwuliza akida kama ni halali kumpiga raia wa Rumi asiyehukumiwa. Swali moja tu, la utulivu, nao wakaogopa. Na mbele ya Festo (Matendo 25) alikata rufani kwa Kaisari, huku akisema kwamba kama ametenda linalostahili kifo hakatai kufa. Vijana, sikieni hilo. Paulo hakutumia haki ili akwepe hukumu. Alikataa kupelekwa mahali ambapo walimwandalia kifo njiani.

4. NA MWENYE BUNDUKI JE?

Najua mtaniambia: "Mwalimu, hayo ni ya Paulo. Kwetu, ukimsomea kifungu mtu mwenye bunduki, anakupiga kitako cha bunduki mdomoni." Ni kweli. Wengine wenu mna makovu. Sitawadanganya kwamba karatasi inazuia risasi. Nabothi wa 1 Wafalme 21 alijua haki yake, akamjibu mfalme kwamba urithi wa baba zake hauuzwi, na akauawa kwa ajili ya jibu lile. Mungu hamwagizi mtu kubishana na mlevi mwenye silaha njia panda usiku. Kunyamaza wakati mwingine ni hekima.

Lakini tafakarini tena habari ya Nabothi. Ahabu, pamoja na nguvu zake zote, hakuweza kulichukua lile shamba hivihivi. Ilibidi Yezebeli aandike barua, atafute mashahidi wa uongo, na awaite wazee wa mji kuketi kama baraza. Wazee wale walimjua Nabothi, alikuwa jirani yao. Wangekataa, ingekuwa vigumu zaidi. Uonevu mkubwa huhitaji watu wengi wadogo wanaosema "ndivyo ilivyo".

Kuna hatari nyingine ya kutojua, nayo ninaiogopa kuliko kipigo. Anayejua kwamba ameibiwa, hata akinyamaza, moyoni mwake bado anajua mema na mabaya. Lakini anayedhani kwamba kulipia kalamu ya askari ni sheria, siku mwanawe atakapovaa sare, atatoza fedha ya kalamu bila dhamiri kumsuta. Hata sisi kwenye kamati zetu ndogo, za maji, za chakula, hata za kanisa, mara ngapi mtu ametoza "kitu kidogo" ili aandike jina la mjane kwenye orodha? Alijifunza wapi? Alijifunza siku alipotozwa yeye, akaambiwa ndivyo ilivyo.

Tena ziko haki ambazo sheria yenyewe imesema haziondolewi hata wakati mbaya. Mnajua kwamba Mei 2021 serikali ya Kongo ilitangaza hali ya kuzingirwa katika Kivu Kaskazini na Ituri. Kifungu cha 61 cha Katiba kinasema kwamba hata katika hali kama ile haiwezekani kuondoa haki ya kuishi, katazo la mateso, katazo la utumwa, haki ya kujitetea, katazo la kumfunga mtu kwa sababu ya deni, na uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Ni mambo machache. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuyakariri, kama anavyokariri Amri Kumi.

5. KUACHILIA HAKI NA KUNYANG'ANYWA

Sasa nifike kwenye moyo wa swali: kiburi. Mama anasema Mkristo anaitwa kuachilia, kugeuza shavu la pili, na kusamehe. Amina, ni kweli. Paulo huyohuyo katika 1 Wakorintho 9 anaeleza kwa urefu kwamba ana haki ya kulishwa na kanisa, halafu anasema hakuitumia, kwa ajili ya Injili. Bwana Yesu mwenyewe katika Yohana 10 anasema hakuna anayemwondolea uhai wake, bali anautoa mwenyewe.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Anayetoa, anajua alichonacho. Paulo hakusema "sina haki", alisema "ninayo, ninaiacha". Kaka yangu hakuwasamehe askari wale, maana hakujua kwamba wamemkosea. Aliamini amelipa faini ya halali. Huwezi kusamehe deni usilojua kwamba unadai. Huwezi kutoa sadaka kitu kilichokwisha kuibwa mfukoni mwako. Kwa hiyo unyenyekevu na ujinga wa sheria si ndugu, hata kama kwa nje vinafanana, maana vyote viwili vimenyamaza.

Na neno letu la Kiswahili linatusaidia. Mfaransa ana neno moja kwa kile mtu anachodai, na neno jingine kwa uadilifu. Sisi tuna neno moja, haki. Bwana aliposema katika Mathayo 5 kwamba wenye njaa na kiu ya haki wana heri, alisema hasa juu ya unyofu mbele za Mungu, sikatai. Lakini Kiswahili kinakataa kutenganisha. Haki yangu ni kile ambacho wewe unatakiwa kunitendea ili uwe mtu wa haki, na haki yako ni kile ninachotakiwa kukutendea mimi. Anayesema "haki, haki" akiangalia upande wake tu ameshika nusu ya neno. Hicho ndicho kiburi, mama yangu. Mwambie kijana ashike neno zima.

6. HAKI YA JIRANI

Hapa tuseme ukweli unaouma. Tulipokuwa kule nyumbani, wengi wetu tulijua sana haki za kabila letu. Ardhi yetu, viti vyetu, wafu wetu. Haki za kabila la ng'ambo ya kilima hatukuziona. Katiba ile, kifungu cha 13, inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya kabila, na kifungu cha 66 kinamwekea kila Mkongomani wajibu wa kumheshimu mwenzake bila ubaguzi. Tulidai vifungu vya kwetu, vya jirani tukaviruka. Leo tunachota maji kwenye bomba moja hapa ugenini, wale wa kilima hiki na wale wa kilima kile, kwa sababu hakuna aliyemlinda mwenzake.

Na jirani wa karibu zaidi yuko ndani ya nyumba. Baba anayejua haki za mkimbizi kwa kichwa, lakini mkewe haruhusiwi kuiona karatasi ya familia, amesoma nini? Anayelalamika kwamba amenyimwa sauti, huku binti yake wa miaka 15 anaposwa bila kuulizwa, anamlilia Mungu yupi?

7. SISI AMBAO SI RAIA HAPA

Mtu ataniuliza: haya yanatuhusu nini hapa Uganda, sisi tusiopiga kura? Yanatuhusu. Kwanza, sisi bado ni raia wa kwetu. Kifungu cha 30 cha Katiba ya Kongo kinasema kwamba hakuna Mkongomani anayeweza kufukuzwa nchini mwake wala kulazimishwa kwenda uhamishoni. Nilipokisoma nililia, kisha nikacheka, kisha nikanyamaza. Lakini ni heri kujua kwamba hali yetu haikuwa sheria. Ilikuwa uvunjaji wa sheria, na kilichovunjwa kinaweza kutengenezwa.

Pili, ziko haki zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu aliyepoteza nchi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai wake uko hatarini, unampa njia ya kwenda mahakamani, na unataka watoto wake wapate shule ya msingi sawa na watoto wa wenyeji. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unasema mkimbizi harudishwi kwao bila hiari yake. Uganda ina Sheria ya Wakimbizi ya 2006. Na Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 23, inasema kwamba anayekamatwa aambiwe sababu katika lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Haisemi Mganda, inasema mtu. Saa 48 hapa, saa 48 kule. Shikeni namba hiyo.

Lakini ziko pia wajibu. Mkimbizi anatakiwa kutii sheria za nchi iliyompokea, na hapa haturuhusiwi kujiingiza katika siasa za nchi. Tuliyepewa kivuli tusikate mti.

Nitoe mfano. Mwaka jana kijana wa mjane mmoja wa kanisa letu alishikwa baada ya ugomvi kwenye bomba la maji. Jamaa walianza kuchangisha fedha za kumtoa. Akina mama watatu wa kikundi cha maombi walisema: ngojeni kwanza. Walikwenda kituoni, wakasalimu kwa heshima kama desturi, na mmoja akasema: "Afande, tunaomba tuambiwe mtoto ameshitakiwa nini. Na tunaomba bondi ya polisi, tumefundishwa kwamba hailipiwi." Afande akawatazama kwa muda. Halafu akachukua karatasi akaandika. Jioni ile kijana alilala kwao. Baadaye alikwenda kumwomba radhi aliyempiga, maana kweli alimpiga. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyelipa, na kosa halikufichwa.

Niliposikia habari ile nilimkumbuka kaka yangu na mbuzi wake wanne. Akina mama wale hawakufika hata sekondari. Walikuwa wamesomewa tu, kwa Kiswahili, na mtu aliyetoa kitabu chake ndani ya sanduku.

8. TUFANYE NINI?

Wazee wa kanisa wamekubali kwamba kila Jumatano baada ya maombi tusome kifungu kimoja tu, cha Katiba au cha mikataba ile, kwa Kiswahili, na tukilinganishe na Neno la Mungu. Hatutafanya siasa, hatutataja chama wala mgombea. Mwenye kujua kusoma Kifaransa au Kiingereza aje atusaidie kufasiri. Asiyejua kusoma aje kuuliza, maana maswali mazuri hutoka kwao.

Kwa mama wa kwaya ninajibu hivi: mama, tumwachie Mungu kisasi, lakini tusimwachie Mungu kazi ya kusoma aliyotupa sisi. Kijana wako mwache aseme haki. Kila anapotaja haki yake, mwulize ya jirani yake iko wapi. Akijibu vizuri, mshukuru Mungu.

Na wewe ndugu uliyesoma, mtu akikuuliza kupitia tundu la mlango sheria inasemaje, usimjibu kama nilivyojibu mimi. Kama hujui, mwambie hujui, halafu nenda ukatafute.

Maswali ya kujadili katika vikundi:
1. Ni malipo gani tuliyozoea kulipa tukidhani ni sheria? Nani anaweza kutuambia ukweli wake?
2. Soma Matendo 16:35-40. Ni nani "wanaobaki" nyuma yako, watakaofaidika ukisema, au watakaoumia ukinyamaza?
3. Taja haki moja ya jirani wa kabila nyingine ambayo hukuilinda. Leo unaweza kufanya nini?

Tuombe: Ee Bwana, uliyeamuru mgeni naye asomewe sheria, tufungue macho. Utupe adabu ya kusema na ujasiri wa kuuliza. Utusamehe sisi tulioficha taa chini ya chaki. Uwakumbuke waliobaki kule. Katika jina la Yesu, amina.

Ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu wa Shule ya Jumapili